Ofisi 11, watu 12,000 na swali la mama

Mama alistaafu mwaka 2011, lakini mpaka leo ikifika saa nane na nusu usiku macho yanamfunguka yenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kuamka, awahi basi la N29 kule Wood Green, ashuke Trafalgar Square, ateremke Whitehall kwa miguu na awe ndani ya jengo kabla ya saa kumi alfajiri. Miaka 15 alifuta meza za wizara moja ambayo hapendi niitaje jina, na mimi simbishii.

Basi Mei 2025 niliposoma kwamba serikali itafunga ofisi zake 11 hapa London na kupunguza nafasi 12,000 za watumishi wa umma mjini, nikampigia simu. Nikamsomea yote. Kwamba moja ya majengo hayo ni 102 Petty France, ile ngome ya zege karibu na St James's Park iliyo makao ya Wizara ya Sheria. Kwamba jingine ni 39 Victoria Street, la Wizara ya Afya. Kwamba kazi nyingi zitahamia miji mingine, Manchester, Aberdeen na kwingineko, na kwamba akiba itafika pauni milioni 94 kwa mwaka ifikapo 2032. Mama akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Hao elfu kumi na mbili, wasafishaji wamo?"

Hawamo. Msafishaji wa jengo la serikali kwa kawaida si mtumishi wa serikali. Ameajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni. Jengo likifungwa, yeye haonekani kwenye hesabu ya nafasi zilizopunguzwa. Anaonekana, kama anaonekana, ndani ya ile milioni 94, kama sehemu ya gharama iliyookolewa.

Swali hilo ndilo lililozaa kipindi cha wiki hii. Hapa naandika yale ambayo hayakuingia, maana tulishavuka dakika 50 na mwenzangu alikuwa ananikodolea macho.

Tuanze na hesabu ya zamani. Novemba 1955 jarida la The Economist lilichapisha makala isiyo na jina la mwandishi. Mwenyewe alikuwa C. Northcote Parkinson, mwanahistoria Mwingereza aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Singapore. Ndiyo makala iliyoleta ile kanuni maarufu kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Kanuni watu wanaikumbuka. Wachache wanakumbuka kwamba mfano mmojawapo tulikuwa sisi. Parkinson alichukua idadi ya watumishi wa Ofisi ya Makoloni hapa London: mwaka 1935 walikuwa 372, mwaka 1939 wakawa 450, mwaka 1943 wakafika 817, mwaka 1947 wakawa 1,139, na mwaka 1954 wakawa 1,661. Himaya inakonda, ofisi inanenepa. Alitaka wasomaji wake wacheke, na kweli inachekesha.

Ila mimi nikifika kwenye ule mwaka 1954 kicheko kinakatika. Kenya ilikuwa ndani ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Aprili 1954 ndipo jeshi lilipozingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kuwasomba watu kwa maelfu kwenda kambi za kizuizini. Kambi ina barua zake, barua ina jalada, jalada lina karani wa kulifungua na mwingine wa kulisaini. Na kwetu Tanganyika kulikuwa na mabaki ya ule mpango wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, uliobuniwa kwenye ofisi za London kwa watu ambao karanga waliziona kwenye sahani. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulivunjwa, pauni milioni 36 na ushee za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa kwenye vitabu, na kilichobaki akakabidhiwa Ofisi ya Makoloni akihangaike nacho. Parkinson aliona makarani wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe. Baadhi yao walikuwa na kazi kweli, na kazi yenyewe ilikuwa babu zetu.

Sasa hao watu 1,661 wakae wapi? Kulikuwa na mpango wa kuwajengea makao mapya makubwa ng'ambo ya Westminster Abbey, pale ilipokuwa hospitali ya Westminster. Wakati wakisubiri, walijazana kwenye majengo ya Great Smith Street. Wasubiri sana. Tanganyika ikaondoka 1961, Uganda 1962, Zanzibar na Kenya zikafuatana Desemba 1963. Makoloni yakawahi kuisha kabla jengo halijasimama. Agosti 1966 Ofisi ya Makoloni ikamezwa na ile ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 1968 zote zikaingia tumboni mwa Wizara ya Mambo ya Nje. Mahali pa jengo lile leo pana Queen Elizabeth II Centre, ukumbi wa mikutano uliofunguliwa 1986. Nimewahi kuingia mle kwenye maonyesho ya ajira. Sikujua kwamba nilikuwa nimesimama juu ya ofisi iliyokusudiwa kunitawala.

Hiyo ndiyo siku serikali ya Uingereza ilipopunguza ofisi kwelikweli, na haikutokana na mtu yeyote kubana matumizi.

Ukifunga ofisi, makaratasi yanakwenda wapi? Watu wa historia swali hilo linatunyima usingizi. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alipeleka maagizo kwa magavana: serikali mpya zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Nyingine zikachomwa moto, nyingine zikapakiwa ndege. Zilizofika Uingereza hazikupelekwa kwenye hifadhi ya taifa ambako mtu angeweza kuzisoma. Zilikaa kwenye ghala la serikali huko Hayes, upande wa magharibi ya London, ambako leo ukipita kwa treni unaelekea Heathrow. Baadaye zikahamishiwa Hanslope Park, Buckinghamshire, nyuma ya uzio. Miaka yote hiyo mtu akiuliza, anaambiwa hakuna.

Kumbe zipo. Wazee kutoka Kenya, walioteswa kwenye zile kambi, waliishtaki serikali London mwaka 2009, na kesi ndiyo iliyoyatoa majalada mafichoni. Mwaka 2011 ikakubaliwa kwamba kuna kama 8,800 kutoka makoloni 37, na ya Kenya peke yake yanakaribia 1,500. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akasimama bungeni kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228. Gawanya mwenyewe uone kila mzee alipata ngapi. Naitaja hapa kwa sababu moja tu: ofisi ilifungwa mwaka 1966, bili ikaja 2013.

Nirudi Whitehall, kwenye njia ya mama. Ukishuka kutoka Trafalgar Square, mkono wako wa kushoto utaliona jengo jeupe lenye vikuba kwenye pembe. Hilo lilikuwa Wizara ya Vita, lilimalizika 1906, vyumba kama 1,100 na korido za zaidi ya kilomita 4. Novemba 1914 Waingereza walipopigwa Tanga, kipigo ambacho kwetu mpaka leo watu wanakisimulia pamoja na nyuki zake, uendeshaji wa vita vya Afrika Mashariki uliletwa kwenye jengo hili. Kwenye vyumba hivyo ndipo watu walipiga hesabu za kumfukuza von Lettow-Vorbeck porini: askari wangapi, chakula kiasi gani, na wapagazi wangapi wa kukibeba. Hakukuwa na barabara, wanyama waliuawa na mbung'o, basi mzigo ukapandishwa kichwani mwa mtu. Wanaokadiriwa 95,000 na zaidi walikufa wakibeba upande wa Waingereza, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mishahara isiyochukuliwa, ya waliokufa na ya waliotawanyika makwao, ikabishaniwa baina ya Nairobi na London miaka mingi baada ya vita, na wenyewe hawakuiona.

Makaburi? Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Vyumba 1,100 vya makarani, na hakuna aliyeandika majina.

Jengo lenyewe serikali iliamua ni ghali kulitunza, ikaliuza mwaka 2014 kwa kundi la Hinduja na washirika wake wa Hispania, upangaji wa miaka 250, kwa zaidi ya pauni milioni 350. Septemba 2023 likafunguliwa kama hoteli, Raffles, vyumba 120 na makazi 85 ya matajiri. (Parkinson, yule wa kanuni, cheo chake kule Singapore kilikuwa Profesa wa Historia wa kiti cha Raffles. Sina hoja hapa, nimefurahi tu.) Bei ya usiku mmoja sitaitaja, msije mkakohoa.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi serikali ikae na majengo matupu ili tu tusipoteze historia. Jengo tupu linakula kodi, umeme, ulinzi na mabomba. Watanzania tunalijua hilo kuliko wengi: mwaka 1973 tuliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mpaka Magufuli alipotoa amri 2016 serikali ilikuwa bado mguu mmoja Dodoma, mguu mmoja Dar, na magari ya wizara yakipishana njiani na posho zake. Miaka 43 ya kulipia ofisi mbili. Nani atatetea hayo?

Ninachouliza ni akiba inahesabiwaje. Chukua mwaka 2001. Mamlaka za kodi na forodha za Uingereza ziliuza majengo yao kama 600 kwa kampuni ya Mapeley kwa pauni milioni 220, halafu zikayapanga yaleyale kwa miaka 20. Baada ya kusaini ndipo umma ukajua kwamba umiliki wenyewe umeandikishwa Bermuda, ambako kodi ni nafuu. Yaani wakusanya kodi wakawa wapangaji wa mtu aliyeikimbia kodi. Kwenye vitabu ilisomeka vizuri.

Na chukua wasafishaji. Zamani majengo ya serikali yalisafishwa na wafanyakazi wa serikali yenyewe. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mengi yalishapewa makampuni ya zabuni, na mwenye zabuni ya chini ndiye anayeshinda. Anaipunguzaje bei? Sabuni haipungui sana. Kinachopungua ni saa na mikono. Mwaka 1972 wanawake waliokuwa wakisafisha usiku Empress State Building kule Fulham, jengo lililojaa ofisi za ulinzi, waligoma, na wenzao wa Old Admiralty hapo Whitehall wakawaunga mkono. Wengi walikuwa Waingereza wa hali ya chini na wanawake wa Karibea. Mama zetu walikuwa bado hawajafika, wamekuja kuukuta mfumo umeshapikwa. Miaka 46 baadaye, Agosti 2018, wasafishaji waligoma tena, safari hii 102 Petty France kwenyewe, wakiwa na chama chao cha United Voices of the World, wakidai pauni 10.20 kwa saa, kiwango kilichokadiriwa kuwa ndicho mtu anaweza kuishi nacho London. Wizara ya Sheria, jamani.

Sasa nije kwa mama, na hapa nasimulia ya kwake tu.

Alipoanza, mwaka 1996, kila mtu pale alikuwa na meza yake. Mama hakuwahi kukutana na watu wenyewe, maana aliondoka kabla hawajaja, lakini aliwajua kwa meza zao. Yule mwenye picha ya mbwa. Yule anayekula biskuti na kuficha makombo chini ya kibodi. Mmoja alikuwa na picha ya watoto mapacha, na kila Septemba anabandika mpya, mama akawaona wanakua mpaka wakavaa majoho. Krismasi mwenye mapacha alimwachia kadi imeandikwa "kwa dada wa usafi". Jina lake hakulijua, lakini alijua yupo.

Halafu ukaja ubanaji. Watu wa ghorofa mbili wakahamishiwa moja. Meza zikawa chache kuliko watu, anayewahi ndiye anayekaa, jioni unafungia vitu vyako kabatini unaondoka. Picha zikatoweka zote. Baadaye serikali ikaja hata kuweka lengo rasmi la nchi nzima: meta 8 za mraba kwa kila mtumishi kufikia 2018. Nilipomweleza mama hilo lengo alicheka. Alisema chumba chetu cha kule Tottenham, tulicholala yeye na mimi na dada yangu, hakikufika hapo.

Kwenye makaratasi, nafasi ikipungua nusu, usafi nao unapungua nusu. Zabuni mpya ikapigwa hesabu hivyo hivyo. Zamu ya saa 4 ikawa ya saa 3, na watu 6 wakawa 4. Ila mtu aliyewahi kushika kitambaa anajua meza ya mtu mmoja unaweza kuipita siku mbili tatu, makombo ni yake na mafua ni yake. Meza ya kugombaniwa lazima uifute kila siku, na kibodi, na simu, na mikono ya kiti. Watu walewale wote sasa wanatumia vyoo vya ghorofa moja. Sehemu ya kudeki ilipungua, uchafu haukupungua hata kidogo, ulikusanyika tu.

"Walitupunguzia sakafu," mama alisema, "wakatuongezea watu."

Ile saa moja iliyokatwa, mara siku 5, mara wiki 50, ni saa 250 kwa mwaka. Mama alizifidia kwa kuchukua jengo la pili, la benki, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kwa miaka minne ya mwisho sisi tulimwona Jumapili. Dada yangu ndiye aliyenisainia barua za shule. Hiyo nayo ni sehemu ya akiba ya umma, na haiko kwenye kitabu chochote nilichokiona.

Ndiyo maana swali lake la Mei lilinikaa. Kwenye tangazo la ofisi 11 kila kitu kina namba: majengo, nafasi, mamilioni, mwaka. Wanaofuta meza, wanaosimama mlangoni usiku, wanaopika chai kwenye kantini ya chini, wao hawana namba, maana walishahamishwa nje ya hesabu zamani, jengo likiwa bado wazi. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kuwasahau. Mpagazi wa 1917 naye hakuna aliyepanga kumsahau. Alikuwa kwenye fungu la usafirishaji, pamoja na nyumbu.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama Whitehall mchana, alitaka kuona kama njia yake bado ipo. Tukasimama mbele ya ile hoteli. Mlinzi wa mlangoni, kofia ndefu na koti la vifungo, alitusalimia vizuri. Mama hakuutazama mlango ule. Alinivuta tukazunguka pembeni, kwenye mtaa mdogo, akanionyesha kwa kidevu mlango usio na jina ambapo wanawake wawili walikuwa wakitoka na mifuko ya nailoni, viatu vya kazi ndani.

"Zamu ya asubuhi imeisha," akasema, akaangalia saa. "Wamechelewa kutolewa hao."

Tunataka kuandika orodha. Kama mzazi wako, shangazi, au wewe mwenyewe umesafisha, umelinda au umepika kwenye jengo lolote la serikali hapa London, tutumie ujumbe wa sauti: jengo gani, ghorofa gani, kuanzia lini mpaka lini. Kama hataki jina litajwe, tuachie mtaa tu. Wa kwanza tumeshampata: Whitehall, ghorofa ya tatu na ya nne, halafu ya tatu peke yake, 1996 mpaka 2011.